Carrick-a-Rede au The Gobbins: uchague ipi kwenye pwani ya Antrim?

Kaunti ya Antrim, Ireland ya Kaskazini, ina sehemu mbili maarufu za kutembea juu ya bahari. Moja ni daraja la kamba la Carrick-a-Rede, karibu na kijiji cha Ballintoy, pwani ya kaskazini. Nyingine ni njia ya majabalini ya The Gobbins, kwenye rasi ya Islandmagee, upande wa mashariki, si mbali na Belfast. Pichani zinakaribiana: mwamba mweusi, maji ya kijani chini, mtu ameshika kamba au chuma. Ukifika ndipo unapoona kwamba ni shughuli mbili tofauti kabisa, na kati yake kuna mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Mwenye siku moja hawezi kuzila zote mbili akashiba.

Jibu tulitoe mapema, wenye haraka wasisumbuke. Chagua Carrick-a-Rede kama mna mtoto mdogo, kama viatu ulivyo navyo ni raba tu, au kama siku hiyohiyo unataka kuona Giant's Causeway, ufuko wa nguzo za mwamba ulio jirani. Chagua The Gobbins kama miguu yako inaweza kazi ya karibu saa tatu, kama huna gari, na kama unapenda kuelezwa unachokiona badala ya kupiga picha na kuondoka. Mwenye kuogopa kimo asiamue kwa kulinganisha mita peke yake; hilo lina sehemu yake hapa chini.

Carrick-a-Rede: daraja fupi, matembezi marefu kidogo

Carrick-a-Rede ni kisiwa kidogo cha mwamba, mabaki ya koo la volkano iliyolipuka miaka milioni 60 hivi iliyopita. Kati yake na bara pana ufa unaopitisha bahari, na daraja linauvuka ufa huo: urefu wake mita 20, na kutoka kwenye mbao unazokanyaga hadi miamba ya chini ni mita 30. Chini ya dakika moja inatosha kulivuka.

Kinachochukua muda ni kulifikia. Kutoka maegeshoni ni kama kilomita moja ya njia inayopanda na kushuka juu ya ukingo wa pwani, kisha ngazi, na zile za mwisho zinazokushusha hadi kwenye mdomo wa daraja ni nyembamba na za mteremko mkali. Kurudi ni kilomita ileile, ila sasa ngazi unazipanda. Wengi hufanya hesabu ya mita 20 wakasahau hizo kilomita mbili, kisha wanajikuta wamepanga kituo cha nusu saa wakati ziara yenyewe, pamoja na foleni na kuzunguka kisiwani, inataka saa moja na nusu. Mzee mwenye maumivu ya magoti atasumbuliwa na ngazi kuliko daraja. Kigari cha mtoto hakivuki. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko au mkoba wa kubebea, mikono ya mzazi ibaki huru kushika kamba zote mbili. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu ataweza sehemu ya mwanzo ya njia tu.

Walioanza kutundika daraja hapa ni wavuvi wa samoni, na habari zake zinarudi hadi 1755. Samoni wanaorejea kutoka Atlantiki kwenda kuzaa katika mito ya Bush na Bann huambaa na ufuko kuelekea magharibi. Wakikutana na kisiwa hulazimika kukizunguka kwa upande wa bahari, na hapo ndipo nyavu zilipokuwa zikiwangoja. Daraja lilifungwa msimu ulipoanza na kuteremshwa ulipokwisha. Katika miaka ya 1970 bado lilikuwa na kamba moja tu ya kushikia na mapengo mapana kati ya ubao na ubao, na mvuvi alipita juu yake akiwa na mzigo. Hadi miaka ya 1960 siku nzuri iliweza kutoa samoni karibu 300. Mwaka 2002, ambao ulikuwa wa mwisho, idadi hiyo ndiyo iliyopatikana msimu mzima, na uvuvi ukaishia hapo. Nyumba ndogo nyeupe ya wavuvi bado imekaa kisiwani, na ukiisimamia karibu unaelewa kwa nini daraja liliwekwa mahali hapa hasa na si pengine.

Leo eneo lote liko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza maeneo ya asili na ya kihistoria. Kamba za sasa si za katani: ni za waya wa chuma, na mbao ni za msonobari aina ya Douglas, daraja la muundo huo liliwekwa 2008. Mlinzi hukaa kila upande na huruhusu watu wasiozidi 8 kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 walipita wageni 485,736, na hiyo ndiyo sababu tiketi huuzwa kwa saa maalumu. Ukitokea saa sita mchana mwezi wa Julai bila kununua mapema, uwezekano mkubwa ni kuambiwa nafasi iliyobaki ni ya jioni. Saa ya kwanza asubuhi ndiyo bora, kwa sababu mabasi ya watalii kutoka Belfast na Dublin bado yako njiani. Saa ya mwisho nayo ni nzuri, ila ukichelewa hapo hakuna saa nyingine ya kukuhamishia.

Kisiwani usitegemee mengi. Ni nyasi, mwamba na ukingo usio na uzio wa maana sehemu nyingi. Siku ya anga safi unaona kisiwa cha Rathlin mbele yako na vilima vya Scotland nyuma yake. Miezi ya kuzaliana ndege wa baharini hujaa kwenye kuta za mwamba, kelele na harufu pamoja. Dakika 20 zinatosha, kisha unarudi kwenye foleni ya kuvuka.

The Gobbins: hapa unaajiri miguu

Njia ya The Gobbins ilibuniwa na Berkeley Deane Wise, mhandisi wa kampuni ya reli ya Belfast and Northern Counties, na ilifunguliwa 1902. Lengo lilikuwa la kibiashara bila kificho: reli ilihitaji abiria wa Jumapili na sikukuu, naye akawajengea mahali pa kwenda. Madaraja ya chuma yalitengenezwa Belfast, yakaletwa kwa tishari na kuinuliwa kwa winchi hadi kwenye kuta za mwamba.

Huwezi kuingia peke yako. Unanunua nafasi kwenye kundi lenye mwongozaji, mnapewa helmeti na maelekezo ya usalama, kisha basi dogo linawapeleka kutoka kituo cha wageni hadi mwanzo wa mteremko. Mnashuka kilima kikali hadi usawa wa bahari, mnaingia kupitia tundu lililotobolewa mwambani, linaloitwa Wise's Eye, na kutoka hapo njia inaambaa ukutani: ngazi za chuma, madaraja mafupi, handaki jembamba la kuinama, na lile daraja la mviringo linalopendwa na wapiga picha, ambalo pete za chuma zinakuzunguka kama mtu anayepita ndani ya dema kubwa la samaki. Jumla ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, na muda wake ni saa mbili na nusu hadi tatu. Mnarudi kwa njia ileile, na kile kilima mlichoshuka kwa vicheko kinawangoja mkiwa mmechoka. Watu wanaoishiwa pumzi, huishiwa hapo, si kwenye madaraja.

Masharti yanatekelezwa. Kimo cha chini ni mita 1.2, na mtoto aliyepungua hapo haingii hata kama ni hodari. Viatu lazima viwe vya kupandia mlima, vyenye soli ya meno na shingo inayoshika kifundo cha mguu. Raba za kukimbilia, hata ziwe za bei gani, hurudishwa mlangoni. Sharti hili lina sababu: chuma na jiwe huwa na maji ya chumvi na mwani, na soli laini huteleza. Mteremko nao hupinda kifundo kirahisi. Njiani hakuna choo, basi maliza haja kituoni.

Thamani ya ziada ni mwongozaji. Atakuonyesha tabaka za lava, mahali nguzo za zamani zilipokatika, na, kati ya Aprili na Julai, pafini, ndege wadogo wenye midomo ya rangi ambao hapa ndipo wanapozaliana kwenye bara la Ireland ya Kaskazini. Kule Carrick-a-Rede utawaona ndege wengi, lakini hakuna anayekusimamisha na kukuambia yupi ni yupi.

Ipi inatisha zaidi?

Inategemea unachokiogopa.

Kule Carrick-a-Rede hofu ni ya kimo na ya kuyumba. Mita 30 ni nyingi, mbao zinacheza kidogo kila mtu anapokanyaga, na ukitazama chini unaona maji katikati. Lakini ni hofu fupi. Dawa yake inajulikana: mkono mmoja kila kamba, macho kwa mlinzi wa upande wa pili, hatua fupi zisizolingana na za aliye mbele yako, kwa sababu watu wawili wakikanyaga kwa mdundo mmoja daraja huyumba zaidi. Tatizo la kweli ni kurudi. Kutoka kisiwani njia ya mgeni ni hiyohiyo moja, na wapo waliowahi kuvuka, wakagoma kurudi, ikabidi wachukuliwe kwa mashua. Basi anayesitasita aamue akiwa bado upande wa bara. Huko kuna mahali pa kutazamia daraja vizuri bila kulikanyaga, na hakuna aibu.

Kule The Gobbins uko chini zaidi, karibu na mawimbi, na chuma hakiyumbi kama kamba. Anayeogopa kimo mara nyingi hupata nafuu. Lakini hofu, ikija, haiishi kwa dakika moja: ni saa nzima ya ukuta upande mmoja na bahari upande wa pili, na kundi haliwezi kugeuka kwa ajili ya mtu mmoja bila usumbufu mkubwa. Anayebanwa na sehemu finyu ajue pia kwamba handaki halikwepeki.

Kwa maoni yetu, mwenye hofu ya wastani aende Carrick-a-Rede. Mwenye hofu kali aache zote mbili akatembee njia ya Blackhead, tutakayoitaja.

Hali ya hewa, na kwa nini unaweza kukuta pamefungwa

Hili ndilo linaloharibu safari nyingi, na kila sehemu huharibika kwa namna yake.

Adui wa Carrick-a-Rede ni upepo. Daraja ni jepesi, limening'inia, na upepo ukibanwa kwenye ufa huongezeka kasi. Mtu aliyezoea kusi ya Lamu au Unguja atadhani anaujua upepo wa baharini. Huu huja na baridi na kwa vishindo, dakika moja kimya, inayofuata kofia imekwenda. Mvua ya kawaida haifungi daraja, upepo unalifunga, na uamuzi hutolewa siku hiyohiyo. Uzuri ni kwamba asubuhi likifungwa, mchana linaweza kufunguliwa.

Adui wa The Gobbins ni mawe. Kuta zake ni za basalti, mwamba mweusi wa volkano, iliyojaa nyufa. Maji huingia, huganda majira ya baridi, hutanuka na kung'oa vipande. Chumvi nayo hula vyuma. Njia ya mwanzo ilikufa hivyo: matengenezo yalikatika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kutu na maporomoko yakafanya kazi yake, na katikati ya karne iliyopita ikafungwa. Ilifunguliwa upya 2015 baada ya kazi ya pauni milioni 7.5, kisha ikafungwa tena muda mfupi baadaye kwa sababu ya maporomoko, ikarudi 2017. Kufungwa kwa namna hiyo kumejirudia. Na mawe yakianguka, kungoja si kwa saa chache. Kunaweza kuwa kwa miezi, kwa sababu ukuta lazima ukaguliwe na kuparuliwa kwanza. Kwa hiyo usinunue tiketi ya ndege kwa ajili ya The Gobbins kabla ya kuona kwamba kalenda yao ya kuuza nafasi iko wazi kwa tarehe zako. Carrick-a-Rede unaweza kuipanga mapema bila wasiwasi mwingi, mradi uache siku ya akiba.

Nguo ni zilezile: koti lisilopitisha upepo na mvua, hata Julai, ambapo nyuzi 15 hadi 18 ni hali ya kawaida. Mwavuli ni mzigo usio na kazi. Simu iwe na kamba ya mkononi au ibaki mfukoni wenye zipu. Kumbuka pia urefu wa siku: Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, Desemba ni saa 10 jioni, na ratiba ya majira ya baridi hufupishwa kulingana na mwanga.

Kufika

Kwa asiye na gari, The Gobbins inashinda kwa mbali. Treni ya Larne kutoka Belfast hukufikisha kituo cha Ballycarry kwa dakika 40 hivi, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa chini ya nusu saa hadi kituo cha wageni. Chukua treni inayokufikisha saa nzima kabla ya muda wa kundi lako. Kundi haliwangoji waliochelewa, kwa sababu basi dogo na mwongozaji wa zamu inayofuata wanategemea wakati.

Kwenda Carrick-a-Rede kwa usafiri wa umma inawezekana ila inachosha: treni hadi Coleraine, kisha basi la pwani, namba 402 au 172, linalopitia Bushmills na Giant's Causeway kuelekea Ballycastle. Kila kuunganisha ni mahali pa kupoteza muda, na tiketi yako ina saa yake. Angalia kwanza basi la mwisho la kurudi, halafu ndipo ununue tiketi ya daraja. Wengi hufanya kinyume. Majira ya baridi mabasi ni machache.

Kwa gari, kutoka Belfast ni kama kilomita 100: barabara kuu ya M2, kisha A26, A44 hadi Ballycastle, na B15 hadi Ballintoy. Saa moja na nusu. Barabara ya pwani, A2, ni nzuri zaidi lakini inachukua karibu mara mbili ya muda huo. Ipite wakati wa kurudi, ukiwa huna tiketi ya kuwahi. Uendeshaji ni kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, ila vibao vya kasi ni vya maili. Ukitokea Jamhuri ya Ireland, ambako vibao ni vya kilomita, mpaka hauna geti la kukukumbusha kwamba kipimo kimebadilika.

Safari za basi za siku moja ndizo rahisi zaidi kwa Carrick-a-Rede, kwa sababu huunganishwa na Giant's Causeway, ambayo ina nguzo za basalti zipatazo 40,000 na iko kama robo saa tu kwa gari. Uliza jambo moja kabla ya kulipa: je, tiketi ya kuvuka daraja imo? Safari nyingi za bei nafuu husimama kwa picha tu, au hukupa uchaguzi kati ya daraja na kituo kingine. Uliza pia mnakaa muda gani. Chini ya saa moja na robo, utavuka mbio.

Bei hubadilika kwa msimu, basi zitazame siku unayonunua. Kwa kawaida The Gobbins ni ghali zaidi kwa kila mtu, kwa kuwa mwongozaji na vifaa vimo ndani ya bei. Wanachama wa National Trust huvuka Carrick-a-Rede bila malipo, lakini nao huhitaji kuhifadhi nafasi.

Wanaotokea Dublin

Dublin kuna mabasi mengi ya siku moja kwenda pwani hii, na hapa wasomaji wetu wengi hujikwaa. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Viza ya Ireland haikuruhusu kuingia huko, na viza ya Schengen haihusiki na upande wowote wa kisiwa hiki. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Uingereza kwa safari hiyo, hata kama ni ya saa kumi, na viza ya Ireland inayomruhusu kurudi Dublin. Kutokuwepo kwa geti mpakani hakuondoi sheria. Ukaguzi hufanyika kwenye mabasi mara kwa mara, na kampuni ya usafiri haikurudishii pesa. Mwenye pasipoti ya Oman, Marekani, Kanada au nchi ya Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland) anahitaji idhini ya kielektroniki ya Uingereza, iitwayo ETA, iombwe kabla ya kuondoka. Raia hao walio wakazi halali wa Ireland wana msamaha wake, lakini wabebe uthibitisho wa ukazi. Na malipo huko ni kwa pauni, si yuro.

Ukikuta pamefungwa

Carrick-a-Rede ikifungwa, usikae maegeshoni ukingoja upepo utulie. Bandari ndogo ya Ballintoy iko jirani, na Kinbane Castle, magofu ya ngome ya 1547 upande wa Ballycastle, ni bure. Ngazi zake nazo ni nyingi. Ufuko wa White Park Bay unafaa pia, ila kwenye ncha zake mbili maji yakijaa hupiti, basi tazama majira ya kujaa na kupwa kabla ya kushuka.

The Gobbins ikifungwa, panda treni hadi Whitehead ukatembee njia ya Blackhead, kazi nyingine ya Wise huyohuyo. Ni bure, haina mwongozaji, inaambaa na bahari hadi chini ya mnara wa taa kisha inapanda kwa ngazi na kuzunguka kurudi mjini. Raba zinatosha, na mtoto wa kimo chochote anaruhusiwa.